Uhai wa Tatu

Kwrr, ta! Komeo la lango la bustani lililia hivyo: kwanza chuma kikijiburuta juu ya mbao, kisha pigo moja. Honor Tapscott alikuwa na miaka mitano, au ndivyo alivyoambiwa, siku baba yake alipolipigilia juu kabisa ya lango, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Chini ya bustani kulikuwa na mto. Watoto wengine wa kijiji cha Brimcott walivua samaki wadogo humo kwa mikono, wakalowa, wakachapwa, na kesho yake wakarudi. Honor aliwasikiliza akiwa ndani ya ua. Hata alipokuwa mtu mzima, mrefu wa kutosha kulisukuma komeo kwa kidole kimoja, sauti ile ndiyo iliyomjia kila alipofikiria kwenda popote.

Si kwamba baba yake alikuwa mkali. John Tapscott alikuwa mpole, mtu wa kuzungumza na ng'ombe zaidi kuliko watu. Ila binti huyu hakuwa binti tu. Alikuwa uhai wa tatu.

Ardhi yote ya Brimcott ni ya bwana mmoja, na mashamba yake hushikwa kwa uhai wa watu watatu. Majina yao huandikwa kwenye gombo la baraza, na maadamu mmoja wao bado anapumua, shamba ni la familia. Pumzi ya wa mwisho ikitoka, nyumba, zizi, kisima na bustani ya matufaha hurudi kwa bwana, naye humpa amtakaye. Mwaka 1841 John aliandikwa yeye, akaandikwa nduguye Silas, na nafasi ya tatu akampa binti yake wa mwaka mmoja, kama afanyavyo kila mtu mwenye hesabu zake, kwa kuwa mtoto ana miaka mingi ya kuishi. John alizikwa mwaka 1869. Silas alianguka kutoka juu ya lundo la nyasi kavu mwaka 1880, hakuamka. Akabaki Honor.

Basi alitunzwa kama yai. Hakupanda farasi. Hakwenda sokoni wakati wa ndui, wala kwenye barafu wakati wa Krismasi. Alipokuwa msichana, fundi mmoja wa magurudumu alitaka kumwoa na kuvuka naye bahari kwenda Kanada. Baba yake hakukataa. Alisema tu, "Ukifa huko, mwanangu, sisi tutajuaje?" akachukua ndoo, akaenda kukamua. Fundi alivuka peke yake.

Na kila mwaka, Siku ya Malaika Mikaeli, majani yanapoanza kugeuka rangi, alipelekwa kwenye chumba cha juu cha kilabu cha kijiji, ambako baraza la ardhi hukaa. Msimamizi wa bwana aliita jina lake. Alisimama, akasema, "Nipo." Wazee kumi na wawili wakaapa kwamba ndiye, kalamu ikakwaruza, mambo yakaisha. Kisha pombe ya matufaha iliteremshwa, na hakukosekana mtu wa kumtania mdogo wake, Eli.

"Eli, mbona Bi Honor amekonda? Mlishe huyo, bwana! Tusije tukakukuta njiani umebeba godoro kichwani."

"Anakula kunishinda mimi," Eli alijibu, mwaka hata mwaka, na mwaka hata mwaka walicheka.

Eli alikuwa kitinda mimba, mfupi, mwenye shingo nene na moyo laini. Hakuwahi kumfokea dada yake. Alimfunga mtandio shingoni mwenyewe kabla hajatoka, kama mtu anavyofunika chungu.

Mwaka 1896, mwezi wa tano, ilikuja barua kutoka Watchet, mji wa bandari ulioko maili kumi na nane kutoka hapo. Iliandikwa na Lettice, ndugu yao wa katikati, aliyeolewa huko na mjenzi wa mashua. *Mume wangu amenitoka,* aliandika, *na miguu yangu haipandi ngazi tena. Nina chumba ambacho dirisha lake lote ni bahari. Njoo, Honor. Hujawahi hata kuiona.*

Honor aliisoma barua ile jikoni akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. Siku ya tatu Eli alimwona akiisoma tena nyuma ya banda la kuku.

"Dada," alisema, "ungeenda?"

"Na nikipata homa huko?"

Eli alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafikiri sana. Wazo lilipomjia lilikuwa zuri, tena lilikuwa la haki. Mwanawe Walter alikuwa na miaka ishirini na minne, ameoa, mkewe ana mimba. Kama bwana angekubali kuongeza jina la Walter kwenye gombo, Honor asingekuwa uzi pekee unaoishikilia nyumba. Angeweza kwenda Watchet. Angeweza, Eli alisema huku akijitahidi kucheka, kupanda mashua na kuzama ikimpendeza.

Wakaandika ombi. Jibu la msimamizi, Bwana Hext, lilikuja kabla ya wiki kuisha. Alikuwa kijana mnyoofu, mgeni katika kazi ile, asiyeamini kitu alichoambiwa na mkulima. Alitaka mambo mawili. Kwanza, waonyeshe kwamba akina Tapscott wameshika shamba lile tangu zamani bila kukatika. Pili, aonyeshwe ubatizo wa huyo uhai uliopo. *Nakala sitaki,* aliandika. *Nitakuja kanisani kuliona daftari kwa macho yangu.*

"Kazi hiyo ni yako, dada," Eli alisema. "Mimi herufi zinanikimbia."

Kweli ilikuwa yake. Kwa miaka sita Honor alikuwa macho ya Kasisi Fulford, ambaye yake mwenyewe yalikuwa yakifunikwa na ukungu. Alimsomea barua, akamsomea zaburi ili azishike kwa moyo kabla ya Jumapili. Sasa kasisi alimpa ufunguo wa sanduku kubwa la mwaloni, ambamo madaftari ya kanisa yalilala pamoja na magombo ya baraza ambayo bwana mmoja wa zamani aliyaweka hapo yasiliwe na panya. Miezi minne, kila alasiri, Honor alikaa katika chumba kidogo kando ya madhabahu, miguu juu ya tofali lililopashwa moto, akirudi nyuma.

Wengine walikwenda mjini Bristol. Yeye alikwenda mwaka 1730, akaenda 1612. Alikutana na Mary Tapscott aliyeshtakiwa barazani kwa kuacha mabata wake wachafue kisima cha kijiji, akaachiwa, akashtakiwa tena kwa mabata wale wale. Alikutana na Humphrey, ambaye alipokufa bwana, kama ilivyokuwa haki yake, alichukua mnyama wake bora, naye karani akaandika: *ng'ombe mwekundu, kipofu wa jicho moja.* Honor alicheka peke yake hadi kasisi akauliza kuna nini. Kila mtu aliyempata alimwandika kwenye karatasi ya ukutani iliyobaki walipopamba chumba cha Walter, jina juu ya jina, kutoka chini kwenda juu. Nafasi ya chini kabisa, ya jina lake mwenyewe, aliiacha wazi. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi, ingeweza kungoja.

Magombo ya kale kabisa yalikuwa ya Kilatini. Hapo walifanya kazi wawili. Honor hakujua maana, lakini alijua herufi. Alizisoma moja moja, naye kasisi, kafumba macho, alizipokea, akaziunga, akatoa maana.

"Alisa," alisema kasisi. "Alisa binti Robert Tapscott. Endelea." Alisikiliza. "Yuko nje ya ardhi ya bwana bila ruhusa. Baba yake ameamriwa amrudishe."

"Mwaka gani huo, Kasisi?"

"Elfu moja mia tatu tisini na nane. Watu hawa walikuwa mali ya bwana, Honor. Hawakuruhusiwa kuondoka."

Mwaka uliofuata gombo lilisema vivyo hivyo. Alisa yuko nje, arudishwe. Na mwaka uliofuata. Miaka kumi na mmoja waliliita jina lake katika baraza, na miaka kumi na mmoja hakuna aliyeitikia. Kisha jina halikuonekana tena.

"Walimpata?" Honor aliuliza.

"Hawakumpata. Au walichoka."

"Alikwenda wapi?"

"Gombo halijui."

"Vizuri," alisema Honor, kwa sauti ya ukali hata kasisi akageuza uso kumtafuta.

Mnyororo ulikuwa mzima. Tangu Robert yule hadi John, hapakuwa na mwaka shamba lilipotoka mikononi mwa akina Tapscott. Kulibaki kipande kimoja tu, kile chepesi. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, alasiri yenye mvua nyembamba, Honor alifungua daftari la ubatizo ili aweke utepe penye jina lake, Bwana Hext akija asipate taabu.

Akaliona: *13 Septemba 1840. Honor, binti wa John na Ann Tapscott.*

Pembeni palikuwa na msalaba mdogo wa wino.

Kasisi aliyekuwapo miaka hiyo alikuwa na desturi yake. Mtoto aliyembatiza akifa, alirudi kwenye ukurasa, akamwekea msalaba pembeni, na tarehe. Honor alikuwa ameona misalaba ile kwa mamia. Katika miaka mibaya ukurasa ulionekana kama umeotwa na miiba. Huu nao ulikuwa na tarehe yake: *11 Feb. 1842.*

Kwanza aliona kasisi amekosea mstari. Akachukua daftari la maziko. *Honor Tapscott, miezi kumi na saba.* Akarudi kwenye ubatizo, akafunua mbele polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. *3 Machi 1844. Honor, binti wa John na Ann Tapscott.* Hapa hapakuwa na msalaba.

Brimcott mtoto akifa jina lake halizikwi naye. Hubaki nyumbani, likimngoja mwingine, kama kitanda. Akina Crang walikuwa na William watatu kwa mama mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Honor naye asingeona ajabu, kama si gombo lile. Uhai wa tatu ulioandikwa 1841 ulikuwa wa mtoto yule wa kwanza. Ulikaa juu ya dunia miezi minne baada ya wino kukauka. Tangu Silas afe, kwa haki shamba lilikuwa la bwana.

Akakumbuka alivyochelewa kung'oka meno. Akakumbuka watoto wa shule ya Jumapili wakimwita kibete. Hakuwa kibete. Alikuwa mdogo wa miaka mitatu na nusu kuliko walivyomwambia.

"Umepata?" kasisi aliuliza kutoka kitini pake.

"Bado natafuta, Kasisi."

Mvua ilipokatika alitoka. Mzee Jabez Crang, mchimba makaburi, alikuwa akifyeka majani kati ya mawe kwa mundu mrefu.

"Mzee Jabez, mwaka arobaini na mbili ulikuwa kazini hapa?"

"Nilikuwa namshikia baba yangu sepetu. Kwani vipi?"

"Mlimzika mtoto wa Tapscott."

Mzee alisimamisha mundu. Aliupangusa kwa kishungi cha majani, upande huu na upande huu, taratibu mno.

"Nilijua iko siku utanijia," alisema. "Nilidhani ungewahi zaidi. Wewe si mjinga."

"Nani mwingine anajua?"

"Uliza nani hajui. Hawa wa juzi hawajui. Eli hajui, alikuwa hajazaliwa. Wazee wa baraza wa wakati ule walijua wote kumi na wawili, na wakaapa. Kila mmoja alikuwa na lake kwenye gombo, mwanangu. Leo nimsemee Tapscott, kesho Tapscott anisemee mimi. Wamekwisha wote. Nimebaki mimi na kiuno changu."

"Na mimi je? Mimi nani alinisemea?"

"Wewe ulikuwa na meno ya maziwa." Alijaribu kutabasamu. "Mama yako alikuvika viatu vya kisigino siku za baraza, uonekane mrefu. Ulitembea kama bata kwenye matope, maskini. Tulicheka hadi tukalia."

Honor hakucheka. "Amelala wapi?"

Jabez alionyesha kwa kidevu, kwenye ukuta wa kaskazini, palipoota thabai, majani yale yawashayo. Hapakuwa na kitu.

"Hana jiwe?"

"Jiwe lingesema," alijibu mzee.

Alirudi ndani kuchukua mtandio wake, akakaa tena mbele ya daftari. Juu ya meza kulikuwa na kijembe cha kuchongea kalamu. Mstari wenyewe haukuzidi unene wa jani la nyasi. Kuukwangua msalaba ule kungechukua muda wa sala fupi, Bwana Hext angekuja, angeona ubatizo, angemwandika Walter, na gari la mchukuzi huondoka kwenda Watchet kila Alhamisi saa mbili asubuhi. Alikishika kijembe. Akaiweka ncha yake kando ya wino.

Lakini mtoto yule hakuwa na kitu kingine duniani. Jina lake lilichukuliwa, umri wake ulichukuliwa, hata kufa kwake kulichukuliwa. Msalaba huu mdogo ndio uliokuwa wake peke yake. Honor alikiweka kijembe chini, akalifunga daftari, akalifungia sandukuni.

Kumwambia Eli hakuweza. Eli alikuwa mwema, na kwa wema wake angekuja na kisu kuukwangua msalaba.

Jioni hiyo alimkuta mezani na mkate, jibini na kitunguu.

"Mwandikie Bwana Hext asije," alisema.

Eli aliacha kutafuna. "Asije? Dada, si wewe—"

"Mnyororo umekatika. Kuna miaka haina jina letu. Akija akaliona hilo, Walter hataandikwa, tena ataanza kutuchimba."

"Miaka mingapi?"

"Ya kutosha."

"Miezi minne!" Eli alipiga meza kwa kiganja. "Miezi minne unanusa makaratasi kama panya, unanimalizia matofali ya moto, leo unaniambia haipo? Umetazama vizuri? Au macho ya kasisi yamekuambukiza?"

"Nimetazama, Eli."

Alimwangalia kwa muda, naye Honor akamwacha amwangalie. Kisha hasira ikamtoka yote mara moja, kama ilivyokuwa tabia yake, akaonekana amezeeka.

"Na Lettice? Utamwambia nini?"

"Nitamwandikia."

"Pole, dada. Nilitaka uende. Haki ya Mungu nilitaka." Alisimama, akavaa kofia. "Basi vaa soksi za sufu usiku huu. Upepo umegeuka." Akatoka kufungia kuku, na Honor akasikia kutoka bustanini chuma kikijiburuta, na lile pigo.

Siku ya Malaika Mikaeli chumba cha juu kilinuka makoti mabichi na tumbaku. Bwana Hext alikuwa amekunja mikono ya shati lake kama mtu anayejiandaa kupasua samaki. Walter alisimama mlangoni na mkewe, ambaye tumbo lake lilikuwa kubwa hata wakampisha kiti.

"Tapscott," alisema Hext. "Mmeondoa ombi lenu. Kwa nini?"

"Dada yangu hakupata karatasi za kutosha, bwana," alijibu Eli. "Kachoka macho."

"Kachoka kunywa maziwa!" mtu alidakia nyuma, wakacheka. Hext hakucheka. Alifunua kitabu, akaweka kidole.

"Honor, binti John Tapscott. Uhai wa tatu, ulioandikwa mwaka elfu moja mia nane arobaini na moja."

Honor alisimama. Katika safu ya wazee, Jabez Crang alikuwa akiitazama kofia yake kana kwamba ameipata leo. Ulitokea ukimya mfupi, wa kawaida, ambao kila mwaka aliujaza bila kufikiri. Ndani ya ukimya huo alimfikiria Alisa, msichana aliyeitwa mara kumi na moja akanyamaza. Ilikuwa rahisi hivi. Kunyamaza tu. Au kusema maneno mawili: huyo alishakufa. Mke wa Walter alihamisha mkono wake tumboni, kutoka huku kwenda huku, kama mtu anayefuatilia kitu kinachotembea.

"Honor Tapscott?" Hext aliinua macho. "Umri wako?"

"Hamsini na sita."

"Huonekani kuwa na umri huo."

"Ni hewa ya Brimcott, bwana," Jabez alidakia upesi. "Tena pombe anatuachia sisi."

Kicheko kilipanda, kikashuka. Hext aliendelea kumtazama.

"Nipo," alisema Honor.

Kumi na wawili wakaapa. Kalamu ikakwaruza.

Njiani kurudi alimwambia Eli amngoje, amesahau kitu kanisani. Alipita kati ya mawe hadi ukuta wa kaskazini. Thabai zilikuwa zimefyekwa. Mtu alikuwa ametangulia na mundu asubuhi hiyo, akaacha mahali padogo, peusi, pasafi, pasipozidi urefu wa mkono.

"Dada!" Eli aliita kutoka langoni, mtandio mkononi. "Baridi hiyo, dada! Utaniua kwa wasiwasi!"

"Nakuja."

Akainama, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Akaweka vidole juu ya udongo.

"Dada," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata majani yasingeisikia, "nimekuitikia tena."